UZI: Agosti 2027 inakuja. Mtaa ukiwaka, kazi yetu wahudumu wa afya wa Nairobi ni ipi hasa?

Sista wa Eastlands (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salamu nyingi, hasa kwenu mlio zamu ya usiku.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Wanasiasa wameshaanza kuzunguka, polisi wana mipango yao, na wafanyabiashara wa Gikomba wanajua siku watakayofunga vibanda na kuhamisha mali. Sisi tunaopokea majeruhi sijasikia tumekaa pamoja tukaulizana kazi yetu ni ipi siku jirani atakapomgeukia jirani. Ukiuliza unaambiwa, "Kutibu, nini kingine?" Naanzisha uzi huu kwa sababu jibu hilo limeshawaponza wagonjwa wetu. Tutibu, ndiyo, lakini pia tuandike. Mtu ukimshona vizuri, akatoka mlangoni bila karatasi inayoeleza alivyoumizwa, umemwachia kazi ya kuthibitisha maumivu yake peke yake, tena baada ya kidonda kupona.

Kwa walioingia kazini juzi, niwakumbushe. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na jioni hiyo hiyo Kibera na Mathare zilikuwa zinawaka. Hadi Kibaki na Raila walipotia sahihi mkataba wa kugawana madaraka tarehe 28 Februari 2008, mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamefukuzwa makwao. Hapa Nairobi uwanja wa maonyesho wa Jamhuri uligeuka kambi. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Sasa jiulizeni hesabu ya risasi inatoka wapi. Aliyefyatua hajitokezi kuhesabu. Wanaohesabu ni watu wa kasualti na wa chumba cha maiti, wanaotazama mwili na kuandika walichokiona. Kule Kisumu uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba kuna waliopigwa risasi kutoka nyuma. Anayekushambulia hakupi mgongo. Asingekuwepo daktari wa kuandika risasi ilikoingilia, ingebaki ile hadithi kwamba wote walikuwa wahalifu wakivamia.

Kuna jambo linalotokea hata kabla ya sindano, nalo ni lugha. Mwaka 2008, katika kituo kimoja cha Eastlands, nilimwona mama mmoja mwenye jeraha la panga mkononi akiketi kitandani, akachomoa dripu mwenyewe na kuanza kutafuta viatu. Karibu naye manesi wawili walikuwa wakizungumza lugha yao ya nyumbani, tena habari za chai tu, hakuna baya. Lakini waliouvunja mlango wake usiku ule walikuwa wakizungumza lugha hiyo hiyo. Hakungoja kujua manesi wale ni watu wema. Angejuaje? Tangu hapo msimamo wangu haujabadilika: wakati wa joto la siasa, wodini ni Kiswahili, kuanzia kwa daktari mkuu hadi kwa anayesukuma machela. Na majina yasiitwe kwa sauti kwenye foleni. Hapa kwetu jina la pili la mtu linaeleza anakotoka kabla hajafungua mdomo. Tumieni namba. Kabila halina kazi kwenye faili la jeraha, na anayeliuliza kwenye meza ya mapokezi aambiwe aache.

Ila linaloniuma zaidi ni maandishi. Nimewahi kushika faili la msichana aliyevamiwa wakati wa ghasia, lililoletwa na ndugu zake miaka kadhaa baadaye walipoanza kutafuta haki. Ukurasa wa siku aliyofika una tarehe, dawa ya maumivu, na maneno mawili: "Amepigwa. Ashonwe." Ameshonwa wapi? Jeraha refu kiasi gani? Limetokana na kitu chenye makali au butu? Alisema nini mwenyewe? Hamna. Wakili aliligeuza kurasa mbele na nyuma, akawarudishia.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Mlikuwa wapi 2008, kwenye uchaguzi wa 2017, kwenye maandamano ya Juni 2024? Ni nini kilifanya kazi, na ni nini tusirudie?

---

Daktari Kasualti

Sista, nakuheshimu sana na uzi huu ulihitajika, lakini kuna mahali napingana nawe.

Usiku wa ghasia majeruhi hawaji mmoja mmoja. Pick-up inashusha watu kama gunia, mmoja anavuja damu pajani, mwingine hapumui vizuri, na madaktari ni wawili. Dakika ninayoandika "jeraha la sentimita nne" ni dakika ambayo mshipa wa mwenzake haujabanwa. Kwanza uhai.

Pili, na hili ndilo zito zaidi kwangu: tukijulikana kuwa ni waandishi wa ushahidi, tutageuka maadui. Wale vijana wa panga watauchoma mlango. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umeweza kuingia magereza na mapiganoni miaka yote hii kwa sababu unalofahamu haulitangazi hadharani. Kuaminiwa na pande zote mbili ndiko kunakotufungulia barabara. Nikipoteza hilo, hata dawa sitaifikisha.

---

Sista wa Eastlands

Daktari, umesema kweli mbili na nitazijibu mbalimbali.

La muda nakubaliana nawe. Hakuna anayekutaka uandike insha huku mtu anakata roho. Lakini baada ya saa mbili wimbi linapungua, na hapo ndipo huwa tunakwenda kunywa chai na faili zinabaki tupu. Tena si lazima awe daktari. Siku kama hizo mweke mtu mmoja asiyeshika sindano, hata mwanafunzi, afuate machela na kalamu. Anaandika saa mgonjwa alipofika, aliyemleta, alichosema, na majeraha unayomtajia huku mikono yako inafanya kazi. Unasoma na kutia sahihi baadaye.

La pili, tofautisha kuandika na kutangaza. Sijasema uende kwenye televisheni. Nasema faili liwe kamili na likae mahali pa siri. Hao Msalaba Mwekundu uliowataja huandika kwa makini sana, kisha wanayapeleka kwa wahusika faraghani. Na mjadala huu wako ni wa zamani: Madaktari Wasio na Mipaka walianzishwa Ufaransa mwaka 1971 na madaktari na wanahabari, baadhi yao wakiwa wametoka kuiona vita ya Biafra, Nigeria, na wamechoka kunyamaza. Kila mmoja alichagua njia yake ya kusema. Hakuna aliyechagua kuacha faili tupu.

Na kumbuka, daktari, wewe huandiki nani alimkata. Hukuwepo. Unaandika mwili unasema nini na mgonjwa anasema nini, na unaonyesha wazi kipi ni kipi.

---

Mzee wa Huruma

Mimi si wa hospitali, ni mkazi tu, lakini naomba kuuliza. 2017 kijana wa jirani yangu aliumia, tukampeleka kituo fulani cha binafsi, wakataka pesa kwanza. Wengine wakatuambia tulete karatasi ya polisi. Polisi tulikuwa tunawakimbia! Hiyo ni halali?

---

Sista wa Eastlands

Mzee wangu, pole sana kwa kijana. Si halali hata kidogo. Katiba, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: kituo chenye uwezo kikikataa kutoa huduma ya dharura kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Karatasi ya polisi si tiketi ya kuingilia. Fomu ya P3, ambayo daktari hujaza majeraha, ni ya kesi, hutolewa bure na polisi, na inaweza kujazwa baadaye kutokana na faili, ikiwa faili limeandikwa. Hapo ndipo narudi palepale.

---

Mkalimani

Nimesoma kimya, lakini Daktari aliposema "kuaminiwa na pande zote" nimeona niseme.

Niliishi Arusha miaka ya ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mmoja wa walioshtakiwa alikuwa daktari, Gérard Ntakirutimana, wa hospitali ya Waadventista ya Mugonero. Watu walikimbilia pale Aprili 1994 wakiamini kanisa na hospitali ni mahali salama. Waliuawa humo. Februari 2003 daktari huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 25, na baba yake mchungaji miaka 10. Huko Butare, hospitali ya chuo kikuu, wagonjwa na wafanyakazi waliotambuliwa kuwa Watutsi walitolewa na kuuawa, na wenzao wengine wenye makoti meupe walikuwepo. Hata majuzi, Desemba 2023, mahakama ya Paris ilimhukumu daktari wa wanawake, Sosthène Munyemana, miaka 24 kwa kushiriki mauaji ya kimbari huko Tumba, hapo hapo Butare.

Nawaambia haya kwa sababu hapa tunazungumza kana kwamba mhudumu wa afya yuko nje ya kabila lake. Hayuko. Ana redio ile ile, ana kundi la WhatsApp la ukoo, ana shemeji aliyechomewa nyumba. Kabla ya kuuliza kama vijana wa panga watamwamini daktari, ulizeni kama daktari mwenyewe ameshayaangalia yaliyo moyoni mwake. Wakenya hamkufika huko, na Mungu awalinde. Lakini ile habari ya dripu ya Sista inanitisha, kwa sababu kule pia kulianzia kwenye nani anazungumza nini na nani ana jina gani.

---

Mwanafunzi wa Uuguzi

Asante Mkalimani, sijawahi kuyasikia haya darasani.

Sista, mimi ndiye huyo "mwanafunzi na kalamu" uliyemtaja. Nifundishe. Mtu amepigwa risasi, niandike nini? Nisije nikaharibu.

---

Sista wa Eastlands

Swali zuri mno, mwanangu. Nitaeleza kwa urefu, wakubwa mnisahihishe.

Anza na maneno yake. Yaweke ndani ya alama za kunukuu kama alivyoyasema: "Nilikuwa nafunga duka, nikasikia mlio." Usiyapambe, usiyasafishe. Usiandike "anadai", neno hilo tayari linamfanya mwongo. Andika "anasema".

Kisha tundu. Liko wapi, kwa kupima kutoka mahali pasipohama mwilini: sentimita ngapi chini ya mfupa wa bega, ngapi kutoka uti wa mgongo, kushoto au kulia. Ukubwa wake. Kingo zake ziko vipi. Kuna masizi au madoadoa meusi kuzunguka? Hayo hueleza bunduki ilikuwa karibu kiasi gani, na maji na sabuni huondoa masizi, kwa hiyo tazama kabla ya kusafisha, kama hali inaruhusu. Usikimbilie kuandika "hapa imeingilia, hapa imetokea". Hata wazoefu hukosea. Eleza matundu yote, mwachie mtaalamu aamue. Chora mwili kwa mistari, mbele na nyuma, weka alama. Mchoro wa mtoto wa chekechea una faida kuliko aya nzima isiyo na mahali.

Nguo: ukizikata, usipitishe mkasi kwenye tundu la risasi. Zianikwe zikauke, zifungwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unazivundisha. Risasi ikitolewa, isishikwe kwa koleo lenye meno, inakwaruzwa na ile mikwaruzo iliyoachwa na mtutu wa bunduki inaharibika. Ifungwe kwa shashi, iwekwe kwenye chupa, iandikwe jina, tarehe, saa, na aliyeitoa. Kila anayeipokea baada ya hapo atie sahihi.

Mwishoni andika kama majeraha yanaoana na maelezo yake au hayaoani. Usiandike zaidi ya unachokijua. Tarehe, saa, jina lako lisomeke, sahihi.

---

Mshauri Nasaha

Niongeze upande wa dhuluma za kingono, kwa sababu kila kukiwa na vita vya kikabila zipo, na kila mara tunazikuta zimechelewa.

Dawa za kuzuia HIV zianzwe ndani ya saa 72, zinywewe siku 28. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mtaa umefungwa kwa mawe na matairi, saa 72 zinaisha mtu yuko chini ya kitanda. Kwa hiyo swali si kama hospitali kubwa ina dawa, bali kama zahanati iliyo ndani ya mtaa inazo, na kama kuna mtu anayejua kuzitoa usiku. Ile fomu ya huduma baada ya ubakaji, PRC, hutoka nakala tatu: ya polisi, ya mwathiriwa na ya kituo. Mpeni nakala yake. Wengi huondoka bila hata kujua ni haki yao.

Na tafadhali, wanaume. 2008 kuna waliotahiriwa kwa nguvu barabarani kwa sababu ya kabila lao, hapa Nairobi pia. Majaji wa ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, mwaka 2012 hawakukubali kuuita unyama huo dhuluma ya kingono, wakauweka kwenye kundi la matendo mengine ya kinyama. Mwanaume aliyefanyiwa hivyo anakuja kasualti anasema "nimekatwa", anataka bandeji aondoke. Mfungie pazia. Muulize kwa upole. Fomu ni yake pia.

Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kwenye kesi ya manusura wanane wa dhuluma za kingono za 2007-2008, iliyofunguliwa 2013 pamoja na mashirika, likiwemo IMLU la uchunguzi wa kitabibu na kisheria. Wanne waliamuriwa kulipwa shilingi milioni 4 kila mmoja. Wanne hawakupata. Nimekaa mitaani na akina mama walioumizwa wakati huo ambao hawakufika hata kwenye kesi, na kila mmoja nikimuuliza karatasi za siku ile, ananiambia hakupewa kitu.

---

Promota wa Afya Mathare

Wakubwa zangu, mmeongea ya hospitalini, niongee ya vichochoroni.

Mimi ndiye ninayejua nyumba gani ina mgonjwa wa TB, nani anakunywa ARV, nani yuko miezi minane. Siku mambo yakichacha, daraja linakuwa mpaka. Upande huu kabila hili, upande ule lile. Ninaweza kuvuka kwa sababu nimewapima watoto wao uzani, wananijua kwa sura. Jaketi peke yake halinivushi. Mwenzangu mwenye jina la upande mwingine hawezi kuvuka, kwa hiyo tunapeana wagonjwa: mimi nachukua wake wa huku, yeye wangu wa kule. Hilo tulilipanga wenyewe, hakuna aliyetuagiza.

Shida yetu ni mbili. Dawa: mtu amekimbia bila kopo lake, hajui hata jina la dawa, anajua rangi tu. Naomba vituo vianze mapema kuwapa wagonjwa dawa za miezi kadhaa na kadi ndogo yenye jina la dawa na tarehe, ikae na kitambulisho. Ya pili, mnatuomba tuwaletee habari za nani ameumia wapi, halafu orodha ile ile inafika kwa chifu. Siku nyingine hamtanipata.

---

Daktari Kasualti

Promota, hilo la orodha limenigusa. Juni 2024 tulitibu katikati ya jiji, Msikiti wa Jamia ukawa kituo cha majeruhi, madaktari vijana na wanafunzi wakaja wenyewe. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Haki za Binadamu ilishahesabu vifo 39. Kilichonikosesha usingizi kuliko gesi ya machozi ni watu kukataa kutaja majina, na wengine kukataa kabisa kupelekwa hospitali, wakiogopa watafuatwa wodini.

Sista, nimebadilika kidogo. Kuandika nakubali. Lakini ukiandika vizuri kisha afande akaja saa nane usiku kuomba rejista, umemfanyia nani kazi?

---

Sista wa Eastlands

Hapo ndipo penyewe, daktari, na lazima tulipange sasa wakati vichwa vimetulia.

Sheria ya Afya inaitaja siri ya mgonjwa, na milango yake ni michache: mgonjwa akubali kwa maandishi, mahakama iamuru au sheria ilazimishe, au kuwe na hatari kubwa kwa afya ya umma. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaziweka habari za afya katika kundi nyeti. Afande anayetaka rejista kwa mdomo hana mlango hapo. Lakini nesi wa zamu, peke yake, mbele ya mtu mwenye bunduki, hawezi kubishana sheria. Kwa hiyo asibishane. Kila kituo kiwe na mkubwa mmoja ambaye simu yake iko ukutani, na jibu la nesi liwe moja: "Rekodi ziko kwa msimamizi, naomba barua." Rejista ya mapokezi iwe na namba tu, orodha ya majina ifungiwe mahali pengine. Na Promota, orodha yako ifuate utaratibu huo huo, iishie kwa muuguzi mmoja unayemjua kwa jina. Kwa chifu zipelekwe hesabu, bila jina hata moja.

Mkalimani, ulilosema la moyo wa mhudumu nimelichukua. Kwenye kikao cha wodi yetu mwezi ujao nitaliweka la kwanza: Kiswahili wodini, na kila mmoja wetu aseme mbele ya wenzake kama kuna mgonjwa ambaye siku hiyo hataweza kumhudumia kwa mikono safi, ili abadilishwe zamu mapema bila kuaibishwa. Afadhali tulijue Mei kuliko Agosti.

Mwanafunzi, chora ule mwili wa mbele na nyuma, ukurasa mmoja, na nafasi ya mistari sita chini yake. Uuweke hapa tuukosoe. Daktari, wewe niandikie ni vitu gani vitano ungependa viwe kwenye stoo ya zahanati ndogo barabara zikifungwa siku tatu. Na walio Kibera, Korogocho, Kawangware, Mukuru, bado sijawasikia. Kule kwenu nani anavuka daraja?